Kinundu cha Kaakaa: Niliyojifunza Nikitazama Vinywa vya Wagonjwa

Ilikuwa zamu ya usiku, na mama aliyelazwa kitanda cha dirishani alikuwa amepangiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi asubuhi yake. Katika wodi yetu ya wanawake, mkoani Tanga, muuguzi wa usiku ndiye aliyepaswa kumtazama mgonjwa kinywani kabla ya nusukaputi, ili ajue kama kuna jino linalolegea, kama ana meno ya bandia ya kuvua, na kama mdomo unafunguka vya kutosha. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi michache kazini. Nilimulika tochi, nikamwomba ainue kichwa, na katikati ya kaakaa lake nikaona kinundu kilichogawanyika kidogo, mfano wa maharage mawili yaliyobanana.

Nikamwambia, “Mama, huku juu una uvimbe. Umeanza lini?”

Alifunga mdomo, akanitazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Sijui, sista.” Baada ya kitambo akaniuliza, “Ndio huu wa tumboni umepanda?”

Sikuwa na jibu. Niliandika kwenye faili maneno “uvimbe kwenye kaakaa, umegunduliwa leo”, nikayapigia mstari, na kwa sababu ya mstari ule upasuaji uliahirishwa. Mama wa watu alikuwa amefunga kula tangu jioni, na ndugu zake walikuwa wameshachangia damu. Siku mbili zilizofuata, wakati tukimsubiri daktari wa kinywa na meno arudi kutoka safari ya kikazi, hakula zaidi ya uji vikombe viwili, na wenzake wa vitanda vya jirani waliniambia kwamba usiku halali, anakaa ameegemea ukuta.

Daktari alipofika aliniuliza swali moja tu kabla ya kumtazama mgonjwa: “Umekigusa?” Sikuwa nimekigusa. Aliniambia nivae glovu, niweke kidole juu yake na nikibonyeze. Kilikuwa kigumu kama mfupa, kwa kuwa kilikuwa mfupa. Hakikusogea wala hakikuuma, na utando uliokifunika ulikuwa na rangi ileile ya kaakaa lililokizunguka, bila kidonda na bila wekundu. Kisha akamgeukia mama na kumwuliza kwa utaratibu kama, ulimi wake unapogusa pale juu, anakumbuka wakati wowote ambapo kitu kile hakikuwapo. Yule mama alizungusha ulimi, akafikiri, uso ukamfunguka. “Hicho? Hicho ninacho tangu nikiwa msichana. Hata marehemu mama yangu alikuwa nacho. Nilidhani kila mtu anacho.”

Kitaalamu huitwa torusi ya kaakaa, yaani mfupa wa kaakaa gumu uliokua kidogo kuzidi kawaida katika mstari wa kati. Hukua polepole kwa miaka mingi, huonekana zaidi kwa wanawake, mara nyingi hufuata ukoo, na hauhitaji tiba yoyote isipokuwa pale unapozuia meno ya bandia kukaa vizuri au unapokwaruzwa na chakula kigumu mara kwa mara. Upo na ndugu yake, torusi ya taya la chini, unaojitokeza upande wa ndani wa taya, usawa wa meno yaliyo nyuma ya chonge, na kwa kawaida huwa kulia na kushoto kwa pamoja. Mambo hayo yote yangeweza kujulikana usiku uleule kwa kidole kimoja na swali moja lililoulizwa vizuri. Nilipomwuliza “umeanza lini”, nilikuwa nimeshamwambia kwamba kuna kitu kimeanza, na mtu anayengoja kupasuliwa uvimbe akisikia neno hilo hawezi tena kukumbuka utotoni ulimi wake uligusa nini.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani kwa sababu lilinionyesha pengo katika mafunzo yangu ambalo sikulijua. Chuoni tulifundishwa magonjwa ya kinywa: fangasi, vidonda, fizi zinazovuja damu, saratani. Hatukufundishwa kinywa kizima kinafananaje kikiwa na hitilafu zake zisizo na madhara, na bila ujuzi huo muuguzi hulazimika kulitilia shaka kila jambo. Miaka kadhaa baadaye nilijifunza kutumia mwongozo wa tathmini ya kinywa uliotungwa na muuguzi wa Marekani, June Eilers, pamoja na wenzake, na kuchapishwa mwaka 1988 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ambao dawa huwatoa vidonda mdomoni. Unapima mambo 8, nayo ni sauti, kumeza, midomo, ulimi, mate, utando wa ndani, fizi na meno, kila moja kwa alama 1 hadi 3, hivyo jumla huanzia 8 na kuishia 24. Ni chombo kizuri na ninakitumia hadi leo. Hata hivyo alama 1 maana yake ni “kawaida”, na mwongozo unamwachia muuguzi mwenyewe ajue kawaida ya mtu huyu aliye mbele yake. Asipoijua, ulimi usio na ugonjwa utapewa alama 2, na alama 2 itazaa dawa isiyohitajika.

Kawaida yenyewe hutegemea pia ni vinywa vya nani vilivyopigwa picha. Vitabu nilivyosomea vilionyesha fizi za rangi ya waridi, na vilisema waridi ndiyo afya. Wengi wa wagonjwa wangu wana fizi za kahawia au zenye mabaka meusi, na weusi huo ni rangi ya mwili tu, ileile inayotia ngozi rangi. Ninapouona huangalia kama uko sawa pande zote mbili, kama fizi hazijavimba, na kama mwenyewe anaufahamu tangu zamani. Yakitimia hayo, ninaandika kwamba ni rangi ya asili na ninaendelea. Doa jeusi moja lililojitokeza ukubwani, lenye kingo zisizo sawa au linaloongezeka, ni habari nyingine, na hilo humfikia daktari siku hiyohiyo.

Jambo lililonisumbua zaidi kuliko rangi ya fizi lilikuwa weupe wa mashavu. Watu wengi wenye asili ya Kiafrika wana utando wa ndani ya mashavu wenye weupe wa kijivu, kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, na mikunjo myembamba juu yake. Huitwa lukoedema, nayo si ugonjwa. Nimeona wagonjwa wakipewa nistatini, dawa ya fangasi, kwa ajili ya weupe huo, na mimi mwenyewe niliwahi kumpaka bibi mmoja dawa ya zambarau mashavu yote mawili, nikaharibu mambo mara mbili, kwa kuwa baada ya rangi ile kukolea hakuna aliyeweza kuona chochote kwa siku kadhaa, hata kama kingekuwapo cha kuonwa.

Siku hizi nikikutana na weupe kinywani, huanza kwa kulivuta shavu taratibu kwa vidole viwili mpaka utando unyooke. Weupe wa lukoedema hufifia au hutoweka wakati wa kuvuta, kisha hurudi ukiachia. Usipotoweka, huchukua kipande cha shashi kilicholowanishwa na kufuta kwa upole. Utando wa fangasi kwa kawaida hutoka kama maziwa yaliyoganda na kuacha sehemu nyekundu, wakati mwingine yenye kuvuja damu kidogo. Baka jeupe ambalo halitoweki kwa kuvutwa, halifutiki kwa shashi, na halina sababu inayoonekana, sithubutu kuliita la kawaida hata kama mgonjwa hana maumivu yoyote. Mstari mwembamba mweupe unaofuata mahali ambapo meno ya juu na ya chini hukutana upande wa ndani wa shavu hautoki pia, lakini huo ni sugu ya kuuma tu, na ukiuona mara chache hutausahau.

Yapo mengine ambayo hayanichukulii muda tena. Vijipunje vya rangi ya manjano iliyopauka ndani ya mashavu na kwenye mdomo wa juu, vyenye upana wa milimita 1 hadi 3, ni tezi za mafuta za ngozi zilizokaa mahali pasipo pake, na watu wazima wengi wanavyo. Huitwa chembe za Fordyce, kwa jina la daktari wa ngozi wa Marekani aliyezieleza mwaka 1896. Mishipa ya bluu iliyojikunja chini ya ulimi wa mzee huja na umri. Kijinundu laini kwenye shavu, mkabala na gego la pili la juu, ni mlango wa mfereji wa mate; ukilikamua shavu kidogo utaona tone la mate likitoka. Vinundu vikubwa vinane hadi kumi na viwili vilivyojipanga nyuma kabisa ya ulimi tunavyo sote, ila watu huviona mara ya kwanza siku wanapoumwa koo na kusimama mbele ya kioo, ndipo hofu huanza.

Kijana mmoja aliyehudhuria kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye virusi vya UKIMWI alinifunza kuhusu ulimi uitwao wa ramani. Alikuwa amepewa dawa ya fangasi katika mahudhurio matatu mfululizo kwa ajili ya mabaka mekundu ulimini yaliyozungukwa na ukingo mweupe, na kila aliporudi mabaka yalikuwapo. Alikuwa mwaminifu wa dawa zake za kufubaza virusi, na sasa aliamini kwamba zimeshindwa. Nilifuta ukingo ule kwa shashi, haukutoka. Nikamwuliza kama mabaka hukaa mahali pamoja. “Yanahama, sista,” alisema. “Wiki iliyopita yalikuwa upande huu.” Nilimchorea ulimi kwenye kadi na kuweka alama mahali yalipo, nikamwomba aje baada ya siku tano. Alipokuja mchoro na ulimi havikufanana tena, na daktari alithibitisha. Ulimi wa namna hiyo, ambao vinyuzi vyake vya juu hupukutika sehemu na kuota tena, hupatikana kwa takriban mtu 1 hadi 3 katika kila watu 100, hauambukizi na haugeuki kuwa saratani. Tulimshauri apunguze pilipili, ndimu na nanasi siku zinapomchoma. Kilichomponya hasa, kwa maoni yangu, ni kujua kwamba dawa zake hazikuwa zimemwangusha. Nisingesema hayo kwa wepesi kama weupe ungekuwa pembeni mwa ulimi, wenye mistari iliyosimama na usiofutika, kwa kuwa huo, ingawa wenyewe hauumi, huweza kuonyesha kinga iliyopungua. Nisingesema hivyo pia kwa doa la zambarau kwenye kaakaa, maana saratani ya Kaposi hupenda kujitokeza hapo.

Watoto wachanga wanahitaji aya zao, kwa sababu kwao kosa la kutojua kawaida hulipwa kwa damu. Nikiwa wodi ya wazazi, bibi mmoja alikuja kumwona mjukuu wake wa siku mbili, akafungua kinywa cha mtoto, akaona vijipunje vyeupe katikati ya kaakaa na kimoja juu ya ufizi. Akanong’ona na binti yake, na nikasikia maneno “meno ya plastiki”. Wauguzi wa nchi yetu wanajua maneno hayo yanaelekea wapi. Ipo imani kwamba homa na kuharisha kwa mtoto husababishwa na meno mabaya yaliyojificha kwenye fizi, na yupo mtu wa kuyachokoa kwa chombo kisichotakaswa. Mara nyingi kinachochokolewa ni chipukizi la chonge, ambalo huvimbisha ufizi kidogo kwa maumbile yake. Mtoto huweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi ya damu, hata virusi vya UKIMWI, na anayenusurika huweza kukua bila chonge la kudumu au nalo likiwa limepinda. Ukataji wa kimeo hutokana na mtazamo huohuo, wa kukiona kiungo kizima kuwa ni ugonjwa.

Sikumkemea. Nilimwamkia, nikakaa kando yake kitandani, nikamwambia kwamba vijipunje vile huitwa lulu za Epstein, ni uchafu wa ngozi uliobanwa chini ya utando wakati kaakaa likiungana tumboni, na vitatoka vyenyewe ndani ya wiki chache au miezi michache. Aliniitikia kwa adabu, lakini niliona hakuamini. Ndipo nikawaomba ruhusa akina mama wengine waliojifungua, nikanawa mikono, na tukapita kitanda kwa kitanda, mimi na yeye, nikibadilisha glovu kila mtoto na yeye akishika tochi. Siku ile watoto walikuwa watano, na watatu walikuwa nazo. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa watoto wengi huzaliwa nazo. Bibi alisimama mbele ya kitanda cha nne kwa muda. Kisha akasema, bila kunitazama, “Wa kwanza wangu walimchokoa.” Hakuongeza neno, na mimi sikuuliza.

Jino halisi ambalo mtoto amezaliwa nalo ni jambo tofauti: hilo lisipuuzwe, kwa sababu likiwa limelegea linaweza kumkaba, na daktari wa meno ndiye wa kuamua.

Nimesema sana kuhusu hofu isiyo na sababu, na ni haki nieleze pia siku nilipokosea upande wa pili, kwa maana kosa hilo lilikuwa zito kuliko lile la kwanza. Nilikuwa na miaka sita kazini na nilikuwa nimeshazoea kuwatoa watu wasiwasi. Mzee mmoja alikuja kupima shinikizo la damu, na katika mazungumzo akasema kuna jino linamkwaruza ulimi. Nilimulika nikiwa nimesimama, nikaona pembeni mwa ulimi sehemu nyekundu yenye weupe, karibu na gego lililovunjika, nikaridhika na maelezo yake. Nilimwambia asukutue kwa maji ya chumvi na aje akiona haiponi. Sikugusa, na sikuandika. Sikumwuliza kuhusu ugoro, ambao aliutumia tangu ujana, wala sikumpa tarehe ya kurudi. Kwa mzee anayetoka mbali, “uje ukiona haiponi” si miadi. Alirudi baada ya miezi miwili na nusu. Safari hii nilivaa glovu, na chini ya kidole nilihisi ukingo mgumu ulioshikamana na nyama iliyo chini yake, na shingoni, chini ya taya, tezi moja isiyouma na isiyosogea. Alipewa rufaa, kipimo cha nyama kikathibitisha saratani, na matibabu yalimpeleka Dar es Salaam kwa miezi mingi. Sijui kama ile miezi miwili na nusu ingebadilisha matokeo yake, na sidhani kama swali hilo litaniacha.

Pembeni mwa ulimi na chini yake, kwenye sakafu ya kinywa, ndipo mahali pa kutazamwa kwa shaka zaidi kwa watu wanaotumia tumbaku, ugoro, kuberi, pombe, au tambuu yenye popoo, na wekundu usioeleweka hapo ni wa kuogopwa hata kuliko weupe. Kidonda cha kawaida cha mdomoni hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Kinachovuka wiki mbili kinahitaji macho ya daktari hata kama kuna jino lililovunjika la kulaumiwa. Ndiyo maana sasa kila ninachokiita “hakina madhara” ninakiandika pamoja na mahali kilipo, ukubwa wake, rangi yake, jinsi nilivyokihisi kwa kidole, maneno ya mgonjwa kuhusu muda alionacho, na tarehe ya kukitazama tena ikiwa kuna chembe ya shaka. Kumpa ugonjwa jina ni kazi ya daktari. Kazi yangu ni kueleza kwa usahihi kiasi kwamba atakayesoma aweze kukiona bila kuwapo.

Nimebadilisha pia maneno. Situmii tena neno “uvimbe” mbele ya mgonjwa kabla sijajua ninachokisema, kwa sababu masikioni mwa wengi neno hilo na saratani ni kitu kimoja. Ninasema “kuna kijinundu hapa, nikiguse”, na ninauliza, “Hiki unakifahamu?” Swali hilo linamruhusu mtu aseme ndiyo. Wengi husema ndiyo.

Mwaka jana nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi wa uuguzi katika wodi ileile ya wanawake. Asubuhi, nikipokea zamu, nilisoma alichoandika kwenye faili la mgonjwa aliyengoja kupasuliwa: “Kaakaa gumu, mstari wa kati: kinundu kimoja, kigumu kama mfupa, hakisogei, hakiumi, kama sentimita moja na nusu, rangi sawa na kaakaa lililobaki, hakuna kidonda. Mgonjwa anasema anacho tangu utotoni na dada yake pia anacho. Daktari wa zamu amejulishwa, amekitazama, hana pingamizi na upasuaji. Mgonjwa ameelezwa, amekigusa mwenyewe kwa ulimi, amelala saa tatu usiku.”